Ijumaa Ile Kompyuta Ilipogoma

Watu wakisikia kwamba nilikosana na Gordon kwa sababu ya kompyuta, hucheka. Wacha wacheke, hawakuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nimepiga magoti mbele ya kile kidude, jasho linanitoka, na ndugu yangu Gordon amesimama nyuma yangu akiniambia kwa sauti ya upole nijaribu tena.

Mwaka ulikuwa 1993 na baba yetu alikuwa mochari. Jumamosi alikuwa azikwe nyumbani, ukipita Kisian kidogo kwenye barabara ya Busia. Mimi niliishi Migosi, mtaa wa Kisumu, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa programu za mazishi sebuleni kwangu. Kisumu mtu hazikwi kimyakimya. Kila Jumamosi kuna tenti mahali fulani, na chini ya tenti kila mgeni anataka kushika karatasi yenye jina la marehemu juu, nyimbo nyuma, na ndani wasifu wake: alizaliwa wapi, alifanya kazi wapi, alioa nani, ameacha nani.

Huo ukurasa wa ndani ndio wenye vita. Mgeni anaweza kudhani ni maneno ya kupitisha wakati kabla ya jeneza kushushwa. Kwetu sivyo. Mke aliyesomwa kwenye kipaza sauti mbele ya chifu, mchungaji na wazee wa ukoo, huyo ni mke, na hakuna atakayekuja baadaye kumuuliza alitokea wapi. Asiyesomwa, matanga yakiisha tu ataanza kusikia maswali. Ataulizwa kama hana kwao. Nyumba yake itaanza kuitwa nyumba ya boma, si yake. Na siku akifa, watu watasimama hapo wakibishana mahali pa kumlaza.

Mama yangu alikuwa mke wa tatu. Baba alimwoa mjini alipokuwa mfanyakazi wa reli, akapeleka kwao nusu ya ng'ombe wa mahari na nusu ikabaki ahadi. Alipostaafu alimjengea nyumba ya udongo upande wa geti. Mama alilima hapo, akazeeka hapo, akamuuguza Baba hapo mpaka pumzi yake ya mwisho. Lakini Nicodemus, mtoto wa kwanza wa mke wa kwanza, hakuwahi kuacha kumwita yule mama wa mjini. Kwenye kikao cha mazishi alisema wazi, bila hata kumeza mate, kwamba marehemu ameacha wake wawili.

Aliyemjibu alikuwa Gordon. Gordon na Nicodemus ni tumbo moja, lakini mama yao aliugua kwa muda mrefu Gordon akiwa mdogo, na aliyemchukua ni mama yangu. Alikula kwetu, akalala kwetu, tukapigana na kupatana kwenye mkeka mmoja. Basi siku ile alisimama mbele ya wazee akasema, "Mimi huyu mama ndiye alinilisha. Mkimtoa yeye, nitoeni na mimi." Wazee wakanong'onezana, wakakubali Mama asomwe, na kwamba Gordon, aliyesoma kutuzidi wote, ndiye atakayesoma. Mimi nikalia mbele ya watu kwa furaha, nikasema moyoni kwamba huyu kweli ndiye ndugu.

Hata kompyuta yenyewe ilitoka kwa Gordon. Alikuwa karani katika ofisi ya bima mjini, na ofisi ilipoleta mashine mpya, ile kuukuu ilikuwa itupwe stoo. Akaiomba, akanibebea mpaka Migosi, akanifundisha kuiwasha, kuandika, kuhifadhi, kuchapa. Ilikuwa nzito kama gunia la mahindi na maandishi yake yalikuwa ya kijani, lakini ilinipa jina mtaani. Gordon ni mtu wa utaratibu. Hawezi kuona waya unaning'inia. Akimaliza kazi hukunja kila kitu na kukifunga raba, mpaka mkewe humtania kwamba siku moja atamfunga raba na yeye.

Alhamisi nilimaliza kuandika wasifu wa Baba. Niliuandika kama wazee walivyosema: mama yao Gordon, kisha mke wa pili, kisha Mama. Gordon akapita jioni kuangalia kama majina ya mashemeji yako sawa. Akasoma yote, akasema ni safi kabisa.

"Nipe copy kwa disketi," akaniambia. "Nikae nayo mimi. Stima ya Kisumu si unaijua."

Nikamnakilia nikampa. Nikaenda jikoni kusonga ugali, nikamwacha sebuleni na mashine. Kwa nini nisimwache? Alikula, akanawa mikono, akasifu samaki, akaaga.

Ijumaa asubuhi nikabonyeza kitufe. Feni ikavuma. Skrini ikawaka, ikahesabu tarakimu zake kama kila siku, ikalia pii. Kisha ikasimama. Yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba mashine haioni diski ya kuanzia, niweke nyingine nibonyeze kitufe. Nikabonyeza. Maneno yakarudi yaleyale. Nikazima, nikangoja, nikawasha. Yaleyale.

Kazi zangu zote zilikuwa kwenye ile diski ya ndani, na wasifu wa Baba ulikuwa humo. Mpango ulikuwa nichape nakala moja safi, niipeleke mjini ikatolewe fotokopi za kutosha kabla maduka hayajajaa, maana Ijumaa kila mwenye maiti yuko kwenye foleni. Nikakimbia kwa jirani mwenye simu nikampigia Gordon ofisini. Hakuchelewa. Alikuja na tai yake shingoni, akaniwekea mkono begani.

"Nyaminwa, tulia," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, dada yetu. "Hii machine ni mzee. Mzee akiamka lazima azubae kidogo."

Nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Tukaanza. Aliniambia nitoe plagi niichomeke kwenye soketi ya jikoni, labda ile ya sebuleni haina nguvu. Nikaburura meza. Hakuna. Akaniambia niangalie kama kuna disketi nimesahau mdomoni mwa mashine, maana ikikuta disketi isiyo na kitu huchanganyikiwa. Hapakuwa na disketi. Akaniambia nibonyeze kibodi herufi moja moja, pengine kuna iliyonasa. Akasema labda ni sam, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kujaa kila palipo na taa, wameingia ndani. Nikachukua brashi ya viatu, nikapiga magoti, nikasugua matundu ya nyuma, nikapuliza mpaka kizunguzungu. Walitoka kweli, wamekauka, unga mtupu. Nikawasha kwa matumaini. Maneno ya kijani yakarudi.

"Iache ipoe," akasema Gordon. "Imepata joto."

"Gordon, imepata joto wapi? Imelala usiku mzima."

"Niamini. Mimi nimekaa na hizi vitu."

Tukakaa tukiitazama ipoe. Nikampikia chai, akanywa. Nilipowasha tena, alivuta kiti akabonyeza kitufe fulani mapema, kukatokea ukurasa ambao sikuwahi kuuona, umejaa mistari: saa, tarehe, aina ya diski, na mambo mengine. Akautazama huku akiguna kama daktari.

"Ni betri," akasema. "Kuna betri ndogo ndani. Ikikufa, machine inasahau kila kitu, hata kama iko na diski. Enda Kibuye kwa wale fundi wa radio, uwaulize." Akanichorea umbo lake kwenye kipande cha gazeti. "Mimi nakimbia Mamboleo, kuna jamaa huko anauza spea. Yule atapata wa kwanza, sawa. Tukutane hapa saa nane."

"Si tufungue kwanza tuone?"

"Usifungue!" Hapo sauti yake ilipanda kidogo. "Hata ukitoa plagi, stima inabaki ndani. Itakurusha, Selpha. Tuzike watu wawili kesho?"

Nikaogopa, nikafunga mlango, tukaachana barabarani.

Sokoni Kibuye nilizunguka mpaka miguu ikauma. Fundi wa kwanza alikuwa na betri za tochi. Wa pili aliuchunguza mchoro, akaniuliza kama ni ya kifaa cha kusikilizia cha mzee. Wa tatu alikuwa na kitu kinachofanana, nikakinunua bila kubishana. Nikiwa natoka nikapitia kwa Mwihaki, jirani yangu wa Migosi, ambaye huuza nguo za watoto upande wa mitumba. Alikuwa ndio kwanza ametoka mjini kuchukua belo ya nguo, anaifungua kamba.

"Pole na shughuli," akasema. "Lakini naona mmejipanga vizuri. Nimewachana na Gordon sasa hivi huko town, pale fotokopi."

"Gordon yuko Mamboleo."

"Mamboleo gani? Mimi nimemsalimia na mkono wangu. Amebeba bando ya makaratasi hivi, yako na msalaba juu kama zile unatengenezanga. Nikamwambia poleni, akasema asante."

Nitasema ukweli: furaha ndiyo iliyonijia kwanza. Nikajiambia, kumbe Gordon amekumbuka ile disketi! Amechapa ofisini kwao, ametoa fotokopi, ananiokoa bila kelele. Nikamshukuru Mungu hapo katikati ya mitumba. Kisha nikatazama ile betri mkononi. Kama alikuwa na programu tayari, mimi natafuta betri ya nini?

Na hapo ndipo nilipoiona tena akilini ile tarehe. Kwenye ule ukurasa aliofungua, tarehe ilikuwa ya Ijumaa ileile na saa ilikuwa sawa na saa yangu ya mkononi. Gordon mwenyewe alikuwa ameniambia betri ikifa mashine husahau kila kitu. Mashine iliyosahau kila kitu ilijuaje kwamba leo ni Ijumaa?

"Selpha, umekuwa nini?" Mwihaki akauliza.

"Nataka kufungua kompyuta," nikasema.

Alimwachia jirani yake vitu akanifuata. Tulitembea haraka bila kuongea, na mimi njia nzima nilikuwa namtetea Gordon moyoni. Labda alikosea. Labda aliona haraka haraka. Mtu akiwa na msiba hukosea.

Nilitoa plagi, nikachukua kisu cha meza, nikaanza kufungua skrubu za nyuma. Mwihaki alisimama kando ameshika fagio, sijui alitaka kunipiga nalo au kupiga stima. Kifuniko kikatoka. Ndani kulikuwa na vumbi na mabaki ya sam kila mahali, vumbi laini la miaka, isipokuwa sehemu moja. Pale kwenye diski palikuwa pamefutika kwa vidole. Ule waya mpana wa kijivu ulioiunganisha diski na mashine ulikuwa umechomolewa. Na ule mwingine wa stima pia. Nyaya hazikuchomoka zenyewe. Zilikuwa zimekunjwa pamoja vizuri, zimelazwa pembeni zisije zikaumia, na zimefungwa raba.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Mwihaki akainama akatazama kwa muda mrefu.

"Panya hafungi raba," akasema.

Sikulia. Nilisikia baridi, mchana ule wa jua la Kisumu. Kilichoniuma si kwamba alichomoa. Kilichoniuma ni kwamba alichomoa kwa uangalifu, akahakikisha kompyuta yangu haiharibiki, halafu akala ugali wangu. Halafu asubuhi akasimama nyuma yangu akanitazama nikipiga magoti, nikisugua, nikipuliza, nikiburura meza, na akanywa chai yangu. Mtu anayekuchukia angekuwa ameivunja tu. Huyu alinipenda, na bado alifanya.

Nikatoa ile raba. Nikachomeka waya wa stima, kisha ule mpana, ule mstari wake mwekundu ukiwa upande wa waya wa stima kama nilivyomwona yeye akifanya siku aliponiletea mashine. Nikawasha bila hata kurudisha kifuniko. Ikahesabu, ikalia pii, ikanguruma ndani, na mara orodha ya kazi zangu zote ikashuka kwenye skrini kama kwamba hakuna kilichotokea. Wasifu wa Baba ulikuwepo. Jina la Mama lilikuwa mahali pake.

Nikachapa nakala moja nikakimbia nayo mjini. Duka la fotokopi lilikuwa limejaa wenye misiba, na kijana wa mashine alinitambua.

"Madam, yenu si ilitoka? Ndugu yako amechukua yote. Hata wino amenimalizia, nangoja ingine ya Jumatatu."

Kwenye kikapu cha taka kulikuwa na karatasi zilizotoka vibaya. Nikaokota moja yetu. Ilikuwa kazi yangu kabisa, mpaka mapambo ya pembeni, mpaka nafasi niliyoacha kati ya aya. Mama yao Gordon, mke wa pili, kisha watoto. Mstari wa Mama ulikuwa umetolewa na wa chini kupandishwa juu, hata pengo halikuonekana. Kwenye watoto jina langu lilikuwepo. Selpha, kama aliyezaliwa na baba peke yake.

Maduka mengine yalikataa kupokea kazi mpya. Nikarudi Migosi, saa nane ikapita bila Gordon kutokea, nikachapa kwa printa yangu mpaka utepe ukapauka na maandishi yakawa hayasomeki. Nilipata chache. Jumamosi asubuhi nikapanda pikapu ya waombolezaji nikiwa nimezishika kifuani.

Tulipofika, kila mtu alikuwa na karatasi ya Gordon. Watoto wa Nicodemus walikuwa getini wakizigawa. Nikamtafuta Gordon mpaka nikamkuta nyuma ya nyumba ya Mama, akifunga tai.

"Kompyuta imepona," nikamwambia.

Akaniangalia, akajua. Hata hakujisumbua kukana.

"Nyaminwa, mimi sikuharibu. Ningetaka kuharibu si ningeharibu?"

"Usiniite hivyo."

"Sikiliza. Nicodemus alisema jina likiingia, atafunga geti, mwili usishushwe. Ulitaka Baba akae juu tukipigana? Tuzike kwanza. Mambo ya Mama tutakaa chini tuongee baadaye."

"Amekupa lile shamba la barabarani?"

Akashughulika na tai yake. Lile shamba la kando ya barabara ya Busia, ambalo kila mmoja wetu alijua litakuja kuwa maduka. Tai ilikuwa imekwisha kunyooka lakini aliendelea kuinyoosha.

"Gordon, mama yako akiwa kitandani hajui hata jina lako, nani alikuwa anakutafunia samaki akikutolea miiba?"

"Unafikiri nimesahau?" akasema, na macho yake yakajaa maji. Machozi yale yalinikasirisha kuliko kitu kingine chochote. Kama angekuwa amesahau ningemwelewa.

Nikamwekea mkononi nakala moja ya kwangu. "Leo wewe ndiye msomaji. Sasa unazo zote mbili. Ile ya Nicodemus, na ile uliyosema mwenyewe mbele ya wazee. Soma unayotaka."

Akaichukua. Aliikunja pamoja na ile nyingine akaondoka, na nitakuwa mwongo nikisema sikuwa na matumaini. Nilikuwa nayo. Nilimjua tangu akiwa na kamasi. Nilijiambia kwamba akisimama pale, akimwona Mama, ulimi wake utakataa.

Mama alikuwa ameketi mbele na wajane wenzake, amevaa koti la Baba kama wajane wa kwetu wanavyofanya. Koti lilikuwa kubwa na lilimfanya aonekane mtoto. Mikononi alikuwa ameshika programu aliyopewa getini, ameikunja mara nyingi ndani ya kitambaa isije ikachafuka. Mama hakwenda shule. Aliponiona akasogea nikae karibu naye.

"Nimekuwa nikikungoja," akaniambia kwa Kiluo, kwa sauti ya chini. "Wameniambia wewe ndiye umeiandika hii. Nionyeshe jina langu."

Akaifungua ile karatasi magotini. Nikaitazama, na Mama akanitazama mimi. Nikaichukua polepole nikaikalia, nikatoa ya kwangu.

"Hiyo ni ya wageni," nikasema. "Yako ni hii. Jina lako ni hapa."

Akaweka kidole chake pale nilipomwonyesha. Kidole chenye kucha iliyopasuka kwa jembe.

"Ni dogo hivi?"

"Ni dogo lakini lipo, Mama."

"Nani atasoma? Mimi hakuna aliyeniambia."

"Gordon."

"Basi vizuri," akasema, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo. "Nilikuwa naogopa ni Nicodemus."

Gordon akaitwa mbele. Akashika kipaza sauti, akazisalimu pande zote, chifu, mchungaji, ukoo, wageni kutoka mjini. Akafungua karatasi. Kutoka pale nilipokaa sikuweza kuona ipi iko juu. Akasoma Baba alizaliwa wapi. Akasoma kazi ya reli. Mama hakuondoa kidole. Gordon akasoma kwamba marehemu alioa, akamtaja mama yake, na wanawake wa upande ule wakaguna kwa heshima. Akamtaja mke wa pili. Hapo akasita. Akainua macho, akatutazama, na mimi nikamtazama kwa macho yangu yote. Kipaza sauti kilitoa mlio kidogo.

"Ameacha watoto," akasema Gordon, akainamia karatasi.

Akaanza na Nicodemus. Alisoma haraka sasa, jina juu ya jina, wake wao, wajukuu wao. Alisoma langu. Sikulisikia vizuri, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanavuma. Nilitaka kumrukia pale pale mbele ya jeneza. Nikasimama.

Mama akanishika sketi.

"Unaenda wapi?"

"Amekuruka, Mama."

Akafikiri kidogo. Alimtazama Gordon pale mbele, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo ambalo sijaweza kulisamehe mpaka leo.

"Hajaniruka," akasema. "Huyu tangu utotoni macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Kaa chini, usimwaibishe mbele za watu. Bado hajamaliza, atanifikia."

Nikakaa. Kidole chake kilikuwa palepale juu ya jina. Mbele yetu Gordon alikuwa amekwisha maliza, amemrudishia mchungaji kipaza sauti, na watu walikuwa wanasimama kwa wimbo.